Viatu vya Kushoto vya Barabara ya Kilwa

Asubuhi ya Idi moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wanaume wanane wa mtaa wetu Mbagala waliamka wakiwa na viatu vya kulia tu. Vya kushoto vilikuwa vimetundikwa kwenye misumari ukutani kwa baba yangu, naye alikuwa amekataa katakata kuvitoa. Wakati wao wanabishana naye, sisi wanawake saba tulikuwa tunapandisha kilima baada ya daraja la Mtoni na baiskeli, suruali za kiume chini ya khanga, jua likituchoma migongo. Mpaka leo sijaona tena msafara kama ule katika Barabara ya Kilwa.

Lakini mtu hawezi kuuelewa msafara ule bila kujua viatu vilifikaje ukutani.

Baba alikuwa mkuu wa matarishi katika kiwanda kimoja cha umma kando ya barabara ya Pugu. Watu wake walipeleka barua na nyaraka benki, wizarani na bandarini kwa baiskeli nyeusi, nzito, zenye keria pana nyuma na chuma kilichonyooka kutoka kwenye usukani hadi kwenye kiti. Kiwanda kilipoanza kupunguza watu, mwishoni mwa miaka ya themanini, hakikuwa na fedha za kuwaaga. Wengine walipewa majora ya vitambaa, wengine mabati. Baba alipoulizwa anataka nini, aliomba baiskeli za matarishi wake.

Alizileta nyumbani mbili mbili, moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto, akizisukuma kwa miguu kutoka Pugu Road mpaka Mbagala. Mama alisimama mlangoni akizitazama zinavyojipanga uani.

"Wenzio wameleta vitambaa," alisema. "Wewe umeleta vyuma."

"Kitambaa kikikaa kinaliwa na panya."

"Na hivi vikikaa?"

"Hivi havikai," alisema baba. "Hivi vinakwenda."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, sina kazi, na nilikuwa na tabia ya kukaa mahali nikitazama mambo yanavyokwenda. Kwa hiyo niliiona biashara ile tangu siku ya kwanza, baba alipoziegemeza baiskeli kwenye mnazi mbele ya nyumba na kukaa kwenye kigoda kusubiri wateja. Wateja wa kwanza walikuwa watoto. Walikodi kwa mizunguko: kwenda mpaka kwenye kisima na kurudi, au kuzunguka uwanja wa shule. Baiskeli zilirudi na spoki zimepinda na magoti ya watoto yanavuja damu, na mama zao wakaja kutulaumu.

Wiki chache baadaye walikuja makuli wa bandarini, na wao ndio walioibadilisha biashara. Kurasini kazi ya kupakua mizigo ilitolewa kwa kuchagua: msimamizi alitoka langoni alfajiri, akaonyesha kidole, fulani, fulani, na wewe. Aliyefika baada ya hapo alirudi nyumbani. Mabasi yalikuwa machache, na yalipita kwetu yamejaa tangu Kongowe. Mtu mwenye baiskeli aliweza kuondoka mara tu baada ya swala ya alfajiri na kuwa langoni kabla kidole hakijanyooshwa. Baba akaacha kukodisha kwa mizunguko, akaanza kukodisha kwa siku nzima.

Hapo likaja suala la dhamana. Watu walileta vitu vya kila aina. Vyama vingi vilipoanza kuna aliyekuja na kadi ya chama, mpya kabisa. Baba aliigeuza, akairudisha.

"Kadi utapewa nyingine kesho," alisema. "Lete kiatu."

"Kiatu, mzee?"

"Cha kushoto. Tena kile unachovalia sikukuu, si hicho kilichotoboka."

Alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Kandambili kuukuu mtu anaiacha na kusahau. Kiatu kizuri hakisahauliki, maana cha kulia kiko nyumbani chini ya kitanda na kila Ijumaa, au kila Jumapili, kinauliza mwenzake yuko wapi. Upande wa pili, mteja naye hakuwa na sababu ya kuogopa. Kiatu kimoja baba angekifanyia nini? Hawezi kukivaa, hawezi kukiuza. Dhamana ile iliwafunga wote wawili sawasawa. Kanuni ikawa moja tu, na alikuwa akiisema kama anasoma tangazo: kiatu hakitoki mpaka baiskeli ionekane.

Ukuta wa mbele ukajaa misumari, na misumari ikajaa viatu. Wageni waliopita njiani walidhani ni fundi viatu. Vijana wa jirani walituita "watu wa kushoto", na mimi nililipenda jina hilo.

Baiskeli zilipokuwa zikilala nje ya bandari mchana kutwa, mbili zilikatwa matairi na moja ikang'olewa kiti. Baba akatafuta mtu wa kuzitazama. Alimpata mchongaji wa Kimakonde, Mkristo kutoka kusini, aliyekuwa na kibanda chake cha vinyago kando ya ukuta wa yadi ya makontena. Mchongaji alikubali kwa sharti kwamba baiskeli zisiegemezwe kwenye magogo yake. Hivyo tukawa na vituo viwili, Mbagala na Kurasini. Mtu aliweza kuiacha baiskeli kwa mchongaji akarudi nyumbani kwa lori au kwa miguu, mradi mwingine aipande kuirudisha jioni. Siku nyingi alipatikana. Asipopatikana, kiatu kililala ukutani mpaka kesho yake.

Mama naye alikuwa na njia yake ya kwenda Kurasini. Yeye na jirani zake watano walipika nyumbani, wakapanda gari la mboga asubuhi na masufuria yao, wakawauzia makuli chakula nje ya lango. Saa saba mchana walikuwa wamemaliza. Kurudi ndiko kulikokuwa shida: konda hakuwapenda kwa sababu ya masufuria, na mara nyingi walitembea. Mimi nilifuatana nao kubeba sahani.

Siku moja lori lilirudi nyuma likagonga baiskeli yetu moja, chuma cha katikati kikavunjika. Fundi wa kuchomelea pale yadini hakuweza kukirudisha mahali pake. Akakikata, akakichomelea chini kabisa, karibu na pedeli. Baba alipoiona alisononeka. "Imekuwa kama ng'ombe aliyezama mgongo," alisema, na hakuna mteja wa Mbagala aliyekubali kuonekana juu yake. Ikabaki Kurasini, imeegemezwa kwenye ukuta.

Mama aliitazama kwa siku kadhaa. Kisha akamuuliza mchongaji, kama anauliza bei ya nyanya: "Hii mtu akiwa na khanga si anapanda tu?"

"Anapanda, mama."

"Basi nishikie."

Alijifunzia ndani ya yadi, mchana, makontena yakiwa yamemkinga na macho ya watu. Mchongaji alishika keria akakimbia nyuma yake.

"Mama, usitazame gurudumu! Tazama unakokwenda!"

"Nikitazama ninakokwenda, miguu ataitazama nani?"

Alianguka kwenye mchanga, khanga ikaingia kwenye cheni ikachanika mpaka kwenye maandishi. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Akainuka, akawanyooshea kidole mmoja mmoja. "Haya. Zamu yenu." Baada ya mwezi wote waliweza, na mimi nilikuwa nimeweza kabla yao. Tuliipokezana baiskeli ile ya chuma cha chini kurudi Mbagala, na asubuhi tuliirudisha Kurasini juu ya gari la mboga. Mmoja alipanda na masufuria yote yakiwa kwenye keria, wengine tulitembea mikono mitupu, na kila tulipofika kwenye kivuli tulibadilishana.

Baba aliona. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alichosema ni kwamba breki ya nyuma imelegea na tuwe waangalifu daraja la Mtoni.

Kisha ikaja Ramadhani, na ndiyo iliyotaka kutumaliza.

Makuli waliendelea kukodi baiskeli alfajiri kama kawaida. Jioni ndipo mambo yaliharibika. Mtu aliyefunga, aliyebeba magunia mchana kutwa, hakuwa na nguvu ya kupandisha kilima cha Mtoni huku adhana ya magharibi inamkimbiza. Wote walidandia malori ili wawahi futari. Baiskeli zikabaki kwa mchongaji. Mama na wenzake nao hawakuwa wanakwenda Kurasini, kwa kuwa wateja wao wengi walikuwa wamefunga. Asubuhi watu walikuja kwetu wakakuta ua mtupu. Baba akawa anakodi pikapu kuzirudisha, na pikapu ikameza kila alichopata.

Jioni moja ya katikati ya mwezi, tukiwa kwenye futari, aliweka kikombe chini. "Idi ikipita nauza," alisema. "Tunarudi Rufiji. Shamba la marehemu baba lipo."

Mama aliendelea kutoa kokwa za tende. "Shamba lipo. Shule ya hawa wadogo ipo?"

Baba alikiinua tena kikombe chake. Wadogo zangu wawili walikuwa darasa la sita na la nne. Mama aliondoka na sahani, na nilimsikia uani akizungumza na jirani kwa sauti ya chini kwa muda mrefu.

Baba, kama wanaume wote wa mtaa ule, aliihesabia Ramadhani siku thelathini. Alipanga pikapu ya mwisho ije siku ya thelathini, ilete baiskeli zote, kila mtu achukue kiatu chake, Idi iingie watu wamekamilika. Wateja nao walipanga hivyo hivyo. Siku ya ishirini na tisa wakakodi, wakaziacha Kurasini, wakarudi kwa lori. Usiku redio ikatangaza kwamba mwezi umeandama.

Kabla hakujapambazuka vizuri walikuwa mbele ya nyumba yetu, wote wanane, wengine taulo mabegani.

"Mzee, shikamoo. Idi njema. Tunaomba viatu."

"Marahaba. Baiskeli ziko wapi?"

"Mzee si unajua ziko wapi? Ziko Kurasini!"

"Basi na viatu viko ukutani."

"Lakini leo Idi, mzee wangu! Nitakwenda kuswali na kiatu kimoja kama korongo?"

"Nikitoa kimoja leo bila baiskeli," alisema baba, "kesho nitakuwa natundika nini hapa? Nani ataogopa?"

"Kesho si unauza?" alisema mwingine. "Tumesikia unarudi Rufiji. Kanuni ya nini tena?"

Baba alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa viatu. Niliuona uso wake. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta ule kama mtu aliyebakiwa na kitu kimoja, na anaombwa hicho hicho. Kila mmoja alianza kumtaja mwenzake aende Kurasini, na kila mwenzake alikuwa hajaoga.

Mama alinivuta khanga kutoka nyuma. Uani walikuwapo wale jirani watano, tayari, vitambaa kichwani. Kila mmoja alikuwa ameshika suruali.

"Zile nyingine zina chuma cha juu," mama alininong'oneza. "Khanga peke yake haitoshi. Vaa hii ya baba yako."

Tulitokea mlango wa nyuma tukapanda gari la mboga, ambalo dereva wake hakuwa na Idi. Mchongaji alikuwa anapiga mswaki tulipofika. Alitutazama, akazitazama suruali, akatema maji, akasema, "Kumbe mwezi umeonekana." Pamoja na ile ya chuma cha chini, baiskeli zilikuwa tisa na sisi tulikuwa saba. Mchongaji alipanda ya nane, akaikokota ya tisa kwa mkono mmoja pembeni yake.

Mtongani watu waliokuwa wanatoka nyumbani na kanzu zao walisimama. Kijana mmoja alipiga mluzi. "Nyie! Leo mnapanda baiskeli, kesho mtasema tukapike!"

Mama hakupunguza mwendo. "Kwani kupika utaweza? Wewe si ndiye huwa unaniomba nikuongezee mchuzi pale getini?"

Kicheko kilichoinuka kilitusukuma mpaka darajani. Kilima chenyewe kilikuwa kigumu. Mimi niliteremka nikasukuma, na wenzangu watatu pia. Mama hakuteremka. Alikuwa juu ya ile ya chuma cha chini, amesimama juu ya pedeli, anakwenda polepole kuliko mtu anayetembea, lakini anakwenda.

Tulipokunja kona ya mtaa wetu, kengele zote zilipigwa. Wale wanaume walikuwa bado mbele ya nyumba, wameshaoga sasa, kanzu safi, kila mmoja kiatu cha kulia mguuni na kandambili mguu wa kushoto. Walitukodolea macho mpaka mmoja alipomtambua mke wake.

"Wewe! Hiyo si suruali yangu? Nimeitafuta nyumba nzima!"

"Unavaa kanzu leo, suruali ya nini?" mkewe alimjibu, akashuka. "Kachukue kiatu."

Baba alizipitia baiskeli moja moja, akishika kila kiti, kama alivyofanya siku zote. Kisha akageukia ukuta na kuvishusha viatu. Alimpa kila mtu chake, akimwambia Idi njema. Cha mwisho kilipotoka, alibaki anatazama misumari mitupu, huku mama akiwa ameshika usukani, jasho linamtiririka shingoni.

"Na sie tunataka haki yetu," alisema mama. "Ukiuza, hii ni yangu. Na hawa wenzangu hawaendi Rufiji."

"Nani kasema nauza?" alisema baba, akaingia ndani kuvaa.

Baada ya sikukuu alizipeleka baiskeli zote, kwa makundi, kwa yule fundi wa kuchomelea, vyuma vya katikati vishushwe. Sharti likawa jipya: mwanamke anayeirudisha baiskeli kutoka Kurasini mchana anaipanda bure, na masufuria yake. Kwa hiyo asubuhi wanaume walizipeleka, mchana wanawake wakazirudisha, na jioni zilikuwapo Mbagala kwa yeyote aliyezihitaji. Pikapu haikuitwa tena. Hapo ndipo kijiwe kilipoanza kukua.

Wanaume walizidhihaki zile za chuma cha chini kwa miezi miwili mitatu. Wakaja wauza mkaa wa Kongowe. Mtu aliyefunga magunia ya mkaa nyuma hawezi kurusha mguu juu yake ili apande. Kwenye baiskeli yenye chuma cha chini anaingiza mguu katikati tu na kuondoka. Wakawa wanazigombania. Mafundi wa Temeke wakaanza kuletewa baiskeli nzima, wateja wakisema, "Nishushie kama ya Mbagala." Katikati ya miaka ya tisini, bidhaa za nje zilipofurika, zikashuka bandarini baiskeli za mtumba kutoka Japani, nyingi zina vyuma vya chini na vikapu mbele. Baba alizikagua pale Kurasini, akizizunguka moja baada ya nyingine, mikono mgongoni. "Wametuiga," alisema. Alilisema bila kutabasamu, na mpaka leo sijui kama ulikuwa utani.

Niliolewa, nikahamia Kinondoni. Huko Tandale na Manzese nilikuta vijiwe vya baiskeli za kukodi ambavyo baba hakuvianzisha, vya watu ambao hawakumjua. Kimoja kilikuwa kikikodisha kwa wabeba maji, madumu manne kila baiskeli. Ukutani palikuwa na viatu. Nilimuuliza mwenye kijiwe utaratibu ule ameutoa wapi.

"Ndivyo ilivyo, sista," alisema. "Baiskeli ni kiatu."

"Kwa nini cha kushoto?"

Alivitazama kana kwamba hakuwahi kugundua. "Si ndivyo ilivyo?"

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepewa zawadi.

Kijiwe cha Mbagala kilipungua taratibu. Mabasi madogo yaliongezeka, watu wakanunua baiskeli zao, mchongaji akarudi kusini. Kila baiskeli yetu iliporudi kwa mara ya mwisho, baba aliiuza au alimpa mtu aliyeihitaji, na msumari wake ukabaki mtupu. Mama alitaka ile iliyovunjwa na lori ibaki nyumbani. Lakini siku moja, alipokuwa msibani, ilikodiwa na mteja ambaye baba hakumkumbuka vizuri baadaye. Alikuwa mwanamke, alisema, mwenye haraka, aliyetaja Kurasini.

Misumari yote sasa imeng'olewa isipokuwa mmoja. Juu yake kuna kiatu cha kike cha kushoto, cheusi, kisigino kifupi, ambacho mama hukipangusa vumbi kila Ijumaa. Watu wakimuuliza baba alifunga biashara mwaka gani, huwajibu kwamba hajafunga, kuna baiskeli moja bado iko njiani.